Mbao za palete ndani ya nyumba: angalia muhuri mbele ya kupiga msumari



Mara hii hatuzungumzi juu ya mbegu ya viazi wala juu ya ugonjwa wa migomba. Tunazungumza juu ya ukuta wa nyumba. Musishangae. Karibu katika kila mkutano tunaofanya, kisha kumaliza mambo ya shamba, kuna mtu ananyanyua mkono na kuuliza: "Agronome, zile palete zinabakiaka mu depo, hatuwezi kuzipasula tufunike nazo ukuta wa saloni? Tuliona mu mji wanafanya vile, inakuwa muzuri sana." Wamama ndio wanaouliza zaidi. Na swali hilo liko na maana, kwa sababu palete nyingi zinafika kwenu pamoja na vitu vya kilimo, na sisi wenyewe njo tunazileta.

Jibu letu ni hili: palete nyingine ndiyo, nyingine hapana kabisa, na tofauti yake haionekani kwa uzuri wa mbao. Sisi tuliijifunza kwa kosa letu, basi tuanze na hapo.

Ofisi yetu ndogo ya kazi iko nyumba ya mbao, kama nyumba nyingi za Goma. Upepo ulikuwa unapita kati ya mbao, na vumbi nyeusi inatua juu ya makaratasi. Nyuma ya depo kulikuwa palete kumi na moja bila kazi. Tukamwita fundi, akazipasula, akapiga randa upande mmoja, akazipanga ukutani kwa siku mbili. Kazi ilitoka safi, kila mgeni alisifu. Kisha mvua za mwezi wa kumi na moja zikaja, tukawa tunafunga madirisha. Katibu wetu alikuwa anakuja kazini na mtoto wake wa miezi saba, anamlaza juu ya godoro dogo karibu na ukuta ule. Siku ya tatu akatuambia: "Kichwa inaniuma tangu asubui, na mutoto anatapika. Hii arufu ya ukuta iko sawa na dawa ya kupulizia tomati." Tulicheka. Tukamwambia kwamba mbao iliyopigwa randa lazima inuke. Yeye hakucheka. Alimbeba mtoto, akatoka inje, na akakataa kurudi mle ndani.

Tulibandua ubao mmoja ili tumwonyeshe kwamba hakuna kitu. Upande wa nyuma, ule ambao fundi hakuupiga randa, ulikuwa na doa la rangi ya kahawia, pana kama sahani, lenye mafuta. Tukabandua wa pili, wa tatu: vilevile. Mtunza depo alipoulizwa alikumbuka mara moja. Juu ya zile palete zilikaa bidoni za dawa ya wadudu, na bidoni moja ilitoboka njiani. Hakuna mtu aliyemuuliza mbele. Sisi ambao tunafundisha wakulima kuvaa glavu na kuziba pua wakati wa kupuliza, tuliichukua dawa ileile na kuipigilia misumari karibu na kichwa cha mtoto. Mtoto alipata nafuu kisha kukaa mbali na chumba kile. Ukuta wote tuliubomoa.

Sasa tueleze kwa nini watu wanazitamani hizi mbao, kwa maana hamu yenyewe si ya ujinga. Mji wa Goma uko kwenye kimo cha metre 1.500 hivi, na usiku baridi iko. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, na wengi walijenga upya juu ya jiwe lilelile lililopoa: msingi wa mawe ya volkano, ukuta wa mbao, mabati juu. Nyumba ya mbao ni nyepesi, inajengwa upesi, na mwenyewe akihama anaweza kuibomoa na kuipakia. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 volkano ilipotoka tena, watu wa upande wa Buhene na Kibati walianza vilevile na mbao. Lakini ubao wa mukaratusi unauzwa mara nyingi ungali mbichi. Unapigwa msumari leo, unakauka ukiwa ukutani, unasinyaa, na kisha miezi michache unaona jua kati ya ubao na ubao. Hapo familia inaziba kwa karatasi za mifuko ya simenti, kwa makartoni, kwa vipande vya turubai. Mbao ya palete njo inapendeza kwa sababu imekwisha kukauka. Haitasinyaa tena sana. Na kila ubao wa zamani unaorudi kazini ni mti mmoja ambao haujakatwa Masisi ao Lubero, wakati miti yetu inalemewa tayari na mbao na makala.

Palete inatoka wapi? Nyingine inafika na kamiyo kutoka Mombasa kupitia Kampala, ao kutoka Dar es Salaam kupitia Kigali, na mizigo juu yake: mbolea, mbegu, sabuni, dawa za hospitali, vigae, unga. Nyingine inatengenezwa hapahapa na mafundi kwa mbao za kwetu. Ile iliyovuka mipaka ya nchi inapaswa kuwa na muhuri uliochomwa ao kupigwa rangi ubavuni, pande mbili zinazotazamana. Muhuri huo njo karatasi ya kitambulisho cha palete, na kuusoma hakuombi masomo mengi.

Kwa mkono wa kushoto utaona alama ya shuke la ngano na herufi IPPC. Hayo ni majina ya mkataba wa dunia wa kulinda mimea. Kwa mkono wa kuume kuna herufi mbili za nchi: KE ni Kenya, UG Uganda, TZ Tanzania, RW Rwanda, ZA Afrika ya Kusini, IN Uhindi, CN Uchina, CD ni sisi. Herufi za nchi zinafuatwa na namba ya kiwanda, na kisha herufi mbili ambazo ndizo tunazozitafuta. HT maana yake mbao ilipashwa moto, mpaka katikati ya ubao kabisa ikafika nyuzi 56 kwa dakika 30 bila kukatika. DH ni moto vilevile, kwa njia ya mashine nyingine. MB maana yake mbao ilifungiwa ndani ya hewa ya sumu iitwayo bromidi ya methili. Ukiona pia DB, hiyo inasema tu kwamba maganda ya mti yaliondolewa.

Shauri letu: HT ao DH, endelea kuiangalia. MB, usiitie ndani ya nyumba. Kusema ukweli, hewa hiyo inatoka kwa mbao, na palete ya zamani yenye MB labda haina tena kitu. Lakini ni sumu kali kwa mtu, tena inaharibu tabaka la ozoni linalotukinga na jua. Ndiyo maana mataifa yaliyotia sahihi Montreal mwaka 1987 yamekuwa yakiiondoa kwa kazi nyingi. Wakati palete za HT ziko, hatuoni sababu ya mtu kulala karibu na ya MB. Na palete isiyo na muhuri? Hapo inategemea. Kama ilitengenezwa Goma ao Sake na fundi munayemjua, kwa mukaratusi wa kwetu, kukosa muhuri si kosa, kwa sababu sheria hiyo ni ya mbao inayovuka mpaka. Kama ilitoka mbali na haina muhuri, iwache.

Tuna hamu ya kueleza pia kwa nini muhuri ule ulizaliwa, kwa sababu ni jambo la wakulima. Sheria hiyo inaitwa NIMP 15, na ilipitishwa mwaka 2002. Mbele yake, mbao za kupakia mizigo zilisafirisha wadudu toka bara mpaka bara bila mtu kujua. Mwaka 1996 walimkuta ndani ya miti ya New York mdudu mkubwa wa Asia, mwenye pembe ndefu, anayetoboa mti mzima mpaka unakufa. Alifika ndani ya mbao za kupakia. Kijidudu kidogo kama uzi kinachoua misonobari kilitoka Amerika ya Kaskazini, kikaangamiza misitu ya Japani, na mwaka 1999 kikaonekana Ureno. Hayo ni mbali. Karibu yetu, mwishoni mwa miaka ya 1970, mdudu wa Amerika ya Kati aliingia Tanzania, upande wa Tabora. Wakulima kule wanamwita dumuzi. Huyu anakula mahindi ndani ya ghala mpaka yanabakia unga, lakini anajua pia kutoboa mbao kavu na kujificha humo, na mahindi mapya yakifika anatoka. Mama anayeweka mavuno ya mahindi chumbani, kama wengi wenu munavyofanya kwa kuogopa wezi, asipigilie pembeni yake mbao yenye matundu madogo yanayomwaga unga mlaini. Ukikungʼuta ubao juu ya karatasi nyeupe na ukaona unga unaanguka, ubao huo hauingii nyumbani.

Muhuri hata vile unasema nusu tu. Unasema mbao ilitendewa nini siku ya kuzaliwa. Hausemi ilibeba nini kisha pale. Palete zetu za ofisini zilikuwa na HT safi kabisa! Kwa hiyo uliza. Uliza mtunza depo, uliza mwenye kamiyo, uliza muuzaji wa pembeni ya barabara, na kama anajibu "ilibeba vitu tu", hiyo si jibu. Palete iliyobeba dawa za shamba, rangi, asidi ya batri, mazutu, ao nyama na samaki, isiingie ndani. Iliyobeba vigae, sabuni ngumu, mifuko ya nguo, karatasi, vyombo vya sahani: vizuri. Mbolea ya chumvichumvi iko katikati. Haina hatari kama dawa, lakini inavuta maji, na ubao uliolowa mbolea utakuwa unatokwa jasho kila mvua na kuozesha misumari. Sisi tunaikataa.

Kisha kuuliza, tumia pua na macho. Pindua ubao, angalia pande zote mbili na kwenye miisho, kwa sababu maji ya dawa yanaingia kwa mwisho wa ubao kama maji kwa utambi. Doa la mafuta, rangi isiyoeleweka, weupe kama chumvi: tupa. Kama huna hakika, funga kipande ndani ya mfuko wa plastiki, kiweke juani saa mbili, fungua na unuse kidogo kwa mbali. Arufu ya mti utaijua. Arufu nyingine yoyote, usijadiliane nayo. Randa haitoshi kuondoa sumu iliyoingia ndani, na sabuni haitoshi. Angalia tena mbao yenye rangi ya kijani ndani kwa ndani, kama nguzo za umeme zilizochovywa dawa. Dawa ya namna hiyo ina shaba, na nyingine ina arseniki. Usiikate, usiichome, usiitie nyumbani.

Neno moja juu ya palete zilizopakwa rangi nzima ya bluu. Kwa kawaida hizo ni za kukodisha, zina mwenyewe anayezitafuta mpaka leo. Usimnunulie mtu kitu ambacho si chake.

Sasa tuingie kwa jambo ambalo liliwahi kutugombanisha na koperative moja, hatutaitaja. Palete ilifanywa kwa kubeba magunia. Saruji ya depo inatoa jasho, na sakafu ya mawe ya volkano ni mbaya zaidi. Gunia likilala chini, maharagi ya chini yanavuta unyevu, yanaota ukungu, na ukungu wa mahindi na karanga unaweza kuleta sumu ambayo haitoki kwa kupika. Kule prezida wa komite alipenda saloni yake ipendeze. Palete sita nzuri zikatoka depo usiku. Magunia ya maharagi ya mbegu yakalala chini miezi mitatu, na msimu ulipofika nusu haikuota. Mama mmoja mzee alisimama kwenye mkutano akasema: "Papa prezida, ukuta wako tuliuona, iko muzuri. Lakini sisi njo tuliulipa." Hakuna aliyeongeza neno. Basi utaratibu uwe huu: kwanza muhesabu magunia ya msimu munaoungojea, muweke palete za kutosha chini yake na kuacha nafasi ya mtu kupita kati ya magunia na ukuta, kisha palete zinazobakia zilizovunjika miguu ndizo zigawanywe, na ziandikwe katika daftari la depo nani alichukua ngapi. Ubao wa palete iliyovunjika unafaa ukutani sawasawa na wa palete nzima.

Kwa wale ambao wana palete safi, kazi yenyewe iko hivi.

Palete ya Ulaya, yenye EUR ao EPAL ndani ya duara refu kama yai, ina urefu wa santimetre 120 na upana wa 80, mbao zake unene wa milimetre 22, na imefungwa kwa misumari 78. Misumari hiyo imesokotwa. Ukiinyanyua kwa mtaimbo na nguvu za kijana, ubao unapasuka kabla msumari haujatoka. Fundi wetu anatumia njia mbili. Akiwa na msumeno wa chuma, anaupitisha kati ya ubao na gogo dogo lililo chini yake, anakata misumari yenyewe, na ubao unabaki mzima na vichwa vya misumari ndani yake, jambo ambalo halina ubaya, tena watu wengine wanalipenda. Akiwa hana, anakata tu ubao pande zote mbili za gogo na anapata vipande vya santimetre 38 hivi. Ni vifupi, lakini ukivipanga kama matofali, kiungo cha juu kisikutane na cha chini, ukuta unapendeza kuliko wa mbao ndefu. Palete zisizo za Ulaya zina vipimo vingi, ni lazima kupima kila moja. Magogo madogo ya kati, kama yametengenezwa kwa unga wa mbao uliogandishwa na gundi, usiyatie nyumbani wala kwenye moto.

Safisha mbao inje ya nyumba, si ndani. Brashi kavu kwanza, na pua imefunikwa, kwa sababu vumbi la palete limekusanya mkojo wa panya wa depo ngapi hatuwezi kujua. Kisha maji na sabuni, kisha zisimame kivulini na upepo, siku nne ao tano bila mvua. Ndipo upige randa ao msasa. Upande wa nyuma nao uupige msasa kidogo. Sisi tumekwisha kuambiwa kwa nini.

Usipigilie mbao za palete moja kwa moja juu ya mbao za ukuta wa inje. Msumari utatokea upande wa pili, na maji ya mvua yanayopenya yatakosa njia. Simamisha kwanza vipande vyembamba vya mbao, vifungwe kwenye nguzo za nyumba, umbali kati yavyo ulingane na urefu wa vipande vyako vya palete ili kila mwisho upate mahali pa kushika. Misumari ya santimetre 5 inatosha. Chini, acha vidole viwili kati ya ubao wa kwanza na sakafu, maji ya kudeki yasipande. Nyumba ya matofali ao ya mawe nayo inataka vipande hivyohivyo, na kama ukuta wa mawe unalowa wakati wa mvua, tengeneza kwanza paa na mfereji. Mbao itaficha unyevu huo, haitauondoa, na utakuja kuugundua kwa arufu ya ukungu chini ya kitanda.

Juu ya kiasi, hesabu ni rahisi. Palete moja ya Ulaya, ukitoa mbao zilizopasuka, inakupa karibu metre moja mraba. Ukuta wa metre 3 kwa metre 2,4 ni metre mraba 7,2, yaani palete nane. Ukifunika mpaka kifuani tu, metre 1,2, ni metre mraba 3,6, palete nne. Sisi tunashauri mpaka kifuani. Ndipo watoto wanapogusa, ndipo viti vinapokwangua, ndipo upepo unapompiga mtu aliyekaa, na juu unapaka rangi nyeupe ili chumba kisiwe giza. Nyumba za mbao zina madirisha madogo. Ukuta mzima wa mbao ya kahawia unaifanya saloni kama ndani ya sanduku. Tena hesabu bei mbele. Palete zinazotoka depo yenu ni karibu bure. Lakini ukizinunua mjini kwa muuzaji, ukalipa mtu wa chukudu mpaka Ndosho ao Kanyaruchinya, ukalipa fundi siku mbili za kuzipasula na mbili za kuzipiga, inaweza kufika bei ya mbao mpya zilizokaushwa, na hapo afadhali mbao mpya.

Rangi ya maji ni nzuri ndani ya nyumba. Verni nayo inafaa, chumba kikae wazi siku kadhaa kabla ya kulala humo. Oili chafu ya vidange, ambayo wengi wanapaka mbao za inje juu ya wadudu, isipakwe ndani hata tone. Inanuka miaka, inachafua ngozi, na inashika moto.

Moto. Hapa hatutapita mbio. Kila mtu wa Goma anajua namna moto unavyotembea Birere ao Majengo, nyumba kwa nyumba, mbele watu hawajapata ndoo ya pili. Ukuta wa mbao mbili zenye nafasi katikati ni bomba la moshi: moto ukiingia chini unapanda hadi mabatini bila kuonekana. Kwa hiyo, kati ya vile vipande vilivyosimama, piga pia vipande vya kulala vinavyoziba nafasi hiyo kabisa, kimoja chini, kimoja kwenye kifua, kimoja juu. Waya za umeme zisipite nyuma ya mbao. Zipite juu yake, ndani ya mpira wake, mahali mtu anaweza kuziona. Babula isikae karibu kuliko metre moja, na jikoni usifunike ukuta kwa palete hata kidogo. Katika nyumba moja huko Mugunga tulikuta kijirafu kizuri cha palete, na mshumaa juu yake, umesimama bila kisahani. Mama wa nyumba alituambia umeme unakatikaka kila magaribi. Tulimwomba mkebe wa samaki, tukausimamisha mshumaa ndani yake, kazi ya dakika moja.

Vipande vinavyobakia vinakwenda jikoni, tunajua, kwa maana makala ni ghali. Vya HT, safi, bila rangi wala gundi, vinaweza kuwaka kama kuni nyingine. Vingine vyote visiwake. Moshi wa mbao yenye dawa unaingia katika chakula na katika kifua cha yule anayepuliza moto. Na hapa kuna jambo ambalo hatukuliona limeandikwa popote, lakini linatuhusu sisi wa Kivu zaidi ya watu wengine. Wengi wenu munachanganya maharagi na majivu ili fukuzi asiyatoboe. Ni njia nzuri, tunaifundisha wenyewe. Majivu hayo yatoke kwa kuni munazozijua. Majivu ya palete, hata ya HT, yana mabaki ya misumari na ya kitu chochote kilichomwagika juu yake. Yasiingie ndani ya maharagi ya kula, wala chini ya mboga za bustani.

Wanamemba wametuuliza tulifanya nini na mbao zetu zilizoharibika. Kuzichoma hatukuthubutu, kuzitupa kwenye takataka ni kumpa mwingine azipikie. Tulizirudisha katika chumba cha dawa, kile chenye kufuli, tukatengeneza nazo rafu ya kuwekea bidoni, na tukapiga juu ya kila ubao msalaba wa rangi nyekundu, pande zote mbili. Chumba hicho hakilali mtu. Ofisi ilikaa bila kitu ukutani karibu mwaka mzima, na baridi yake tuliisikia. Palete mpya zilipokuja, zilizobeba daftari za shule, katibu wetu alikaa inje asubuhi nzima juu ya kiti kidogo, akanusa ubao mmoja mmoja kabla ya kumpa fundi. Kati ya palete tisa alikataa moja. Hakutueleza sababu, na fundi hakumuuliza.

Wiki iliyofuata fundi mwingine alipita, akaona rafu kwa mlango uliokuwa wazi, akatuuliza kama tunauza zile mbao zenye misalaba. Tulimwambia hapana, tukafunga kufuli.